Mto Unaojaa Bila Mvua

Ötztaler Ache, mto wa milima ya Alps upande wa Austria, una kituko kimoja: siku ya kiangazi isiyo na wingu hata moja ndiyo siku unayojaa. Asubuhi mawe yako nje, makavu migongoni. Ikifika jioni yamezama na bonde zima linasikia ngurumo. Wala hakuna tone lililonyesha. Jua la mchana limeyeyusha barafu ya kudumu kwenye vilele vinavyopita mita 3,000, na maji hayo huchukua saa kadhaa kuteremka. Usiku baridi ikirudi huko juu, myeyuko hupungua, na kukicha mto umekwisha nywea.

Wanaoteremka mto huo kwa boti za mpira hupanga safari zao kwa kulitazama jua. Mito ya kasi hupangwa kwa madaraja sita, la sita likiwa la kuchezea roho. Ache huhesabiwa daraja la nne na la tano; mto Inn, ambamo Ache humwaga maji yake, una korongo la Imst linalofaa hata wageni wa mchezo. Lakini daraja ni la maji ya kiasi fulani tu, na hapa kiasi hicho hubadilika kati ya chai ya asubuhi na chakula cha jioni.

Tofauti hiyo si ndogo. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani moja, na kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kumsukuma mtu huongezeka mara nne. Ndiyo maana anayeanguka hukatazwa kusimama, hata pale maji yanapomfika magotini: mguu ukinasa kati ya mawe, mto humwangusha kifudifudi na kumkandamiza hapohapo. Hulala chali, miguu mbele, akapelekwa.

Kinachoogopwa zaidi ni shimo la povu nyuma ya jiwe kubwa. Maji yakipita juu ya jiwe hushuka kwa kasi, membamba, laini kama kioo. Chini hukutana na maji ya mwendo wa taratibu, hupanda ghafla, na tabaka la juu hugeuka na kurudi lilikotoka. Boti ikiingia humo bila kasi hushikwa, ikazungushwa ubavu. Povu nalo lina hewa tele, kwa hiyo boya la kifuani halimwinui mtu ipasavyo, na kafi linachota upepo. Ila chini ya povu maji mazito bado yanaendelea na safari yake. Kafi likizamishwa kwa kina huyafikia, na hayo ndiyo huitoa boti.

Halafu kuna baridi. Maji yaliyokuwa barafu saa chache zilizopita humfanya mtu aheme bila kujizuia dakika ya kwanza, na pumzi moja ikivutwa chini ya maji inatosha kuua. Yana rangi ya kijivu, kwa unga wa mawe uliosagwa na barafu inapojiburuta mlimani. Ukitega sikio ndani ya kayaki utasikia unga na mchanga huo ukichakacha chini yako.

Waendesha kayaki wa Ulaya huikimbia baridi hiyo wakati wa majira yao ya baridi, wengine wakaja Jinja, Uganda, ambako Nile ni ya uvuguvugu na hupanda au kushuka kwa amri ya mabwawa ya umeme, si ya jua. Karibu na hapo, Bujagali, bwawa moja lilifunika maporomoko kadhaa yaliyokuwa yakisifiwa.

Alps nako mambo yanageuka. Barafu za Uswisi zilipoteza takriban asilimia 6 ya ujazo wake mwaka 2022, na asilimia 4 nyingine mwaka 2023. Kwanza myeyuko huo huongeza maji, na wafanyabiashara wa boti huneemeka. Kisha barafu ikibaki kidogo, maji ya Agosti hupungua na msimu husogea mapema, kwenye theluji ya masika. Mto Soča wa Slovenia, usio na barafu ya kuitegemea, ndivyo ulivyo siku zote: Mei maji ni tele, Agosti boti zinakwaruza mawe.