Mwili Umepooza, Akili i Hai

Hapa Shangani na vijijini kuelekea Ruvuma hatukosi kusikia kwamba mkwezi ameanguka mnazini, au mzee fulani amepatwa na kiharusi. Mgonjwa akishapooza na kushindwa kusema, mara nyingi watu huanza kumzungumzia mbele yake kana kwamba hayupo. Mwezi huu tunaeleza kwa nini hilo ni kosa.

Ubongo huamuru viungo kwa umeme mdogo sana unaopita katika mishipa ya fahamu. Mishipa hiyo ikikatika shingoni, amri haifiki mkononi. Je, ubongo wenyewe huacha kuamuru?

Profesa John Donoghue wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, alitumia miaka mingi kuchunguza jinsi ubongo unavyoongoza mkono. Mwaka 2004 yeye na wenzake walianza majaribio na Matthew Nagle, kijana aliyepooza kuanzia shingoni baada ya kuchomwa kisu mwaka 2001. Madaktari walimwekea ubongoni kidude chenye upana wa milimita 4 na vijisindano karibu 100. Alipofikiria kusogeza mkono, vijisindano vilinasa umeme ule na kompyuta ikautafsiri. Akaweza kusogeza alama kwenye kioo cha kompyuta na kufungua barua pepe. Miaka 3 tangu apooze, ubongo wake ulikuwa bado unaamuru mkono!

Mwaka 2012 watafiti hao walitangaza habari za mama mmoja aliyepooza kwa kiharusi karibu miaka 15. Kwa fikra zake aliongoza mkono wa mashine, akainua chupa ya kahawa na kunywa.

Vifaa hivyo vingali katika majaribio, na kuviweka ni lazima fuvu lipasuliwe. Lakini somo lake tunaweza kulitumia leo nyumbani:

1. Aliyeanguka asinyanyuliwe kwa mikono na miguu, wala asikalishwe. Shingo na mgongo vinyooke. Watu kadhaa wambebe juu ya ubao hadi hospitali.

2. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika ghafla, ni dalili za kiharusi. Mpelekeni Ligula au hospitali iliyo karibu mara moja.

3. Mgonjwa wa kitandani ageuzwe kila baada ya saa 2 ili asipate vidonda.

4. Asiyeweza kusema huenda anaelewa mengi. Mwulizeni maswali mafupi: afumbe macho mara moja kwa "ndiyo", mara mbili kwa "hapana". Mpeni muda wa kujibu.

5. Ulizeni hospitali kuhusu magongo na viti vya magurudumu. Mafundi wa viungo bandia wanafunzwa hapa hapa nchini, katika chuo cha TATCOT kilichopo KCMC, Moshi.

Tunapokwenda kumwona mgonjwa wa namna hii, tumsalimu yeye kwanza, kwa jina lake, kabla ya kumsalimu anayemwuguza.