Kabla Kamera Haijawashwa Nyumbani kwa Mzee

Mzee aliyezaliwa Karagwe mwanzoni mwa miaka ya 1940 alikuwa kijana utawala wa watemi ulipofutwa mwaka 1963. Alikuwa mtu mzima wakati wa Vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979, akaona wakimbizi kutoka Rwanda wakiingia mwaka 1994, na mwaka 2012 wilaya yake ikagawanywa, Kyerwa ikaanzishwa. Haishangazi kwamba wanafunzi wa uandishi wa habari na sanaa wanaotakiwa kuandaa filamu fupi ya makala hurudi nyumbani kumtafuta babu au bibi wa kumrekodi.

Kazi yenyewe huonekana nyepesi: mhusika mmoja, nyumba moja, kamera moja, pengine simu tu. Hata hivyo, nyumba ya mzee si studio, na yapo masuala ya kisheria ambayo wanafunzi wengi huyakumbuka filamu ikiwa imekwisha kusambazwa mtandaoni.

La kwanza ni kibali. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 inasimamia utengenezaji na uonyeshaji wa filamu kwa umma, na msimamizi wake ni Bodi ya Filamu Tanzania. Mwanafunzi anayekusudia kuonyesha kazi yake nje ya darasa aulize mapema, kupitia chuo chake au Afisa Utamaduni wa halmashauri, utaratibu unaomhusu. Barua ya chuo ifike pia kwa Mtendaji wa Kijiji na mwenyekiti wa kitongoji. Kwa Kyerwa, inayopakana na Uganda na Rwanda, wageni wenye kamera wasiotambulishwa huzua maswali haraka, hususan maeneo ya mpakani kama Murongo. Anayetaka picha za angani kwa ndege nyuki anahitaji pia idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Lililo zito zaidi ni ridhaa ya mzee mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti ambazo uchakataji wake unahitaji ridhaa ya maandishi, na ridhaa hiyo inaweza kuondolewa. Sasa, mazungumzo na mtu wa miaka 80 hayapiti nusu saa bila kugusa macho, miguu, presha au dawa. Kwa hiyo fomu ya ridhaa si karatasi ya kukamilisha faili la mhadhiri. Isomwe kwa sauti, kwa lugha anayoielewa mzee, mbele ya ndugu anayemwamini. Asiyeweza kuandika aweke dole gumba. Aelezwe wazi kama filamu itaishia darasani au itawekwa mtandaoni, ambako mjukuu aliye Mwanza au Dar es Salaam ataiona, na jirani pia. Ridhaa ya mtoto wake mkubwa haitoshi ikiwa mzee mwenyewe ana akili timamu.

Afya si hatari pekee. Katika wilaya hizi maisha ya familia yamefungamana na kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba. Mzee akiulizwa habari za ujana wake ataeleza nani alipanda nini, mpaka ulipita wapi, na mtoto gani aliahidiwa upande upi. Maneno hayo, yakirekodiwa na kusambazwa, yanaweza kuibua mgogoro ambao mzee ataukabili peke yake mwanafunzi akiwa amekwisha rudi chuoni. Mhariri makini huondoa kipande cha namna hiyo hata kama ndicho kitamu kuliko vyote.

Mwanafunzi asiahidi msaada. Kamera ikiingia kijijini, baadhi ya kaya hudhani ni uandikishaji wa TASAF au wa bima ya afya, na mzee anaweza kueleza dhiki zake kwa matumaini hayo. Ni vyema jambo hilo lisemwe mwanzoni kabisa, na kurudiwa.

Kuhusu lugha, mzee aachwe aseme Kinyambo. Wengi hubadilika kabisa wanapotoka kwenye Kiswahili cha heshima kwa wageni, na simulizi hupata uhai. Tafsiri ya maandishi chini ya picha ifanywe na mzawa. Sarufi ya Runyambo iliyochapishwa mwaka 2005 na Josephat Rugemalira itasaidia penye utata.

Kwa upande wa picha, migomba hutia giza ndani ya nyumba hata saa sita mchana. Kumketisha mzee karibu na mlango au dirisha ni bora kuliko kumuwashia taa kali machoni. Mvua kwenye bati humeza sauti, hivyo miezi ya masika na vuli inahitaji siku za akiba. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaanza kumhesabu mzee katika miaka 60, umri ambao wengi bado wanalima na kuchuma kahawa. Arekodiwe akifanya kazi hiyo pia, si akiwa ameketi na mkongojo tu.

Filamu ikikamilika, mzee aione kwanza, nyumbani kwake, kabla ya nakala ya mwisho kuwasilishwa chuoni. Akisema kipande fulani kiondolewe, kiondolewe.