Kurudi katika Kikao Hai cha Kihariri-matini kutoka Mbali: Mfano wa Emacs

Mtafiti anayehariri matini katika kompyuta iliyo mbali hukabiliwa na swali ambalo mara nyingi hulifikiria akiwa amechelewa: muunganisho ukikatika, ni kitu gani hasa hupotea? Makala haya yanalijibu swali hilo kwa kutumia kihariri-matini cha GNU Emacs, kisha yanafafanua namna ya kurudi katika kikao kilichoachwa kikiendelea badala ya kufungua faili upya.

Yafaa kwanza kutofautisha faili na kikao. Faili imo katika diski. Kikao kimo katika kumbukumbu ya muda ya kompyuta, nacho hujumuisha mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa, historia ya kutengua, matini zote zilizofunguliwa kwa pamoja na mahali kishale kilipo katika kila moja. Emacs hujitahidi kuiokoa matini yenyewe: kwa mipangilio yake ya awali, huandika nakala ya dharura kila baada ya mibonyezo 300 hivi, au mtumiaji anapotulia kwa sekunde 30 hivi. Hayo mengine hayaokolewi. Mwandishi wa makala haya alikuwa akisahihisha manukuzi ya mahojiano kwenye seva umeme ulipokatika mtaani kwake. Maneno yalirudi karibu yote. Kilichopotea ni kujua usahihishaji ulikuwa umefikia wapi katika faili kumi na moja, na ni mabadiliko yapi yalikuwa ya majaribio tu. Kuyalinganisha upya na sauti kulichukua siku mbili.

Chanzo cha hasara hiyo si mtandao wenyewe. Mtumiaji huingia katika kompyuta ya mbali kwa SSH, itifaki iliyobuniwa na Tatu Ylönen nchini Finland mwaka 1995, na seva humpa terminali bandia. Emacs ikianzishwa humo hufungamana na terminali hiyo. Muunganisho ukivunjika, terminali hufungwa, na mfumo huzipelekea programu zilizomo ishara ya kukata simu, jina lililorithiwa kutoka enzi za modemu. Kwa kawaida ishara hiyo huzikomesha. Kinachoua kikao, basi, ni kule kufungamana kwake na terminali. Fungamano hilo likiondolewa, kikao huendelea kuishi upande wa seva hata kama hakuna anayekitazama.

Njia moja ya kuliondoa ni kuweka terminali ya kati. GNU Screen, ya mwaka 1987, na tmux, ya mwaka 2007, hukaa katika seva na kumiliki terminali ambamo kihariri kinaendeshwa. Mtumiaji hujitenga apendapo, kisha hurudi, kwa mfano kwa amri ya tmux attach. Njia hii haijali kihariri ni kipi, na kwa wengi inatosha.

Njia ya pili imo ndani ya Emacs yenyewe. Tangu toleo la 23 la mwaka 2009, amri ya emacs --daemon huianzisha Emacs chinichini, bila dirisha lolote. Programu ndogo iitwayo emacsclient ndiyo huomba dirisha: emacsclient -t hulifungua katika terminali iliyopo. Dirisha likifungwa, Emacs hubaki na matini zake zote. Aliye mbali huhitaji mstari mmoja tu, ssh -t ukifuatiwa na jina la seva, kisha emacsclient -t. Mteja na Emacs huwa katika kompyuta moja, wakizungumza kupitia soketi ya ndani ambayo watumiaji wengine wa kawaida hawaruhusiwi kuifikia. Kinachosafiri mtandaoni ni mibonyezo na maandishi ya skrini tu, tena kwa usimbaji fiche wa SSH.

Kuna anayeweza kushawishika kuiruka SSH. Emacs inaruhusu: kigeu cha server-use-tcp kikiwashwa, huandika faili yenye anwani, namba ya poti na ufunguo, na mwenye nakala ya faili hiyo huweza kuunganika. Lakini mawasiliano hayo hayasimbwi, hivyo ufunguo hupita wazi. Anayeupata anaweza kutuma msimbo wowote wa Lisp, nao hutekelezwa kwa mamlaka ya mwenye kikao: kusoma faili, kuzibadilisha, kuzifuta. Mtafiti aliyewaahidi watoa taarifa kwamba majina yao hayatajulikana hana haki ya kuuacha mlango huo wazi. La kushangaza ni kwamba njia hiyo hata haitoi kinachotafutwa. Katika hali ya -t, mteja hutuma jina la kifaa cha terminali, na Emacs hulitafuta jina hilo katika kompyuta yake yenyewe, si katika ile ya mtumiaji.

Yapo pia mambo mawili ambayo huwakuta watu bila kutarajia. Emacs iliyojengwa kwa maktaba ya GTK inaweza kuanguka pamoja na kikao chote ikiwa dirisha la michoro lilipitishwa mtandaoni na muunganisho ukakatika ghafla. Kwa kazi ya mbali, dirisha la terminali ni salama zaidi. Aidha, baadhi ya mifumo ya Linux inayotumia systemd imepangwa kukomesha michakato yote ya mtumiaji anapotoka, ikiwemo tmux na Emacs ya chinichini. Hapo huhitajika loginctl enable-linger, na pengine idhini ya msimamizi wa seva, pamoja na kuianzisha Emacs kama huduma ya mtumiaji chini ya systemd.

Kabla ya kukitegemea kikao cha namna hii, kijaribiwe: iandikwe sentensi moja bila kuhifadhiwa, waya wa mtandao uchomolewe, kisha mtumiaji aingie tena baada ya dakika kumi. Sentensi ikiwapo na amri ya kutengua ikaiondoa, kilichorudi ni kikao chenyewe.