Kwa nini nauli Malindi hupanda hata petroli ikishuka

KILA ifikapo Desemba, malalamiko huwa yale yale katika vituo vya matatu vya Malindi, Watamu na Kilifi. Hoteli zimejaa, watu waishio bara wanarejea kwao kwa sikukuu, na nauli ya kwenda Mombasa imeongezwa. Abiria akiuliza sababu, utingo humjibu kwa neno moja: mafuta.

Jibu hilo lafaa kuchunguzwa, kwa kuwa bei ya petroli nchini haipangwi na mwenye kituo, wala haifuati msimu wa watalii.

Soko la mafuta lilipoachwa huru mnamo 1994, kila kampuni ilijipangia bei yake. Hali hiyo ilikoma Desemba 2010, Tume ya Kudhibiti Kawi (ERC) ilipoanza kutangaza bei ya juu kabisa ambayo muuzaji haruhusiwi kuipita. Tangu 2019 kazi hiyo hufanywa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Bei hutangazwa tarehe 14 ya mwezi na kutumika kuanzia tarehe 15 hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Malindi na Kilifi kila mmoja una bei yake katika orodha hiyo.

Hesabu huanzia bandarini. Kiwanda cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta mwaka wa 2013, hivyo petroli huwasili Mombasa ikiwa tayari imesafishwa. Mamlaka huchukua wastani wa gharama ya shehena zilizoshushwa, huigeuza kutoka dola hadi shilingi, kisha huongeza gharama za kuhifadhi na kusafirisha, faida ya wauzaji, na kodi. Kutoka Mombasa hadi Malindi malori husafiri kilomita 120 hivi tu. Ndiyo maana bei ya Malindi hukaribiana na ya Mombasa na huwa chini ya ile ya Nairobi.

Upo msimu unaoweza kugusa bei hiyo, lakini ni wa mbali. Majira ya joto yanapokaribia Marekani, madereva husafiri zaidi na viwanda hulazimika kutengeneza petroli isiyovukiza upesi, ambayo ni ghali zaidi. Vita navyo huleta mshtuko wake. Israel na Iran zilipigana Juni 2025; katika tangazo la Julai, petroli nchini ilipanda kwa Sh8.99 kwa lita.

Kwa kuwa hesabu hufuata shehena zilizokwisha kuwasili, nafuu ya soko la dunia pia huchelewa kumfikia mnunuzi. Kisha kuna kodi. Julai 2023, kodi ya VAT kwa mafuta ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na Julai 2024 ada ya kukarabati barabara ikatoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita. Ada kama hiyo haipungui eti kwa sababu pipa la mafuta limeshuka bei ng'ambo.

Sasa turudi kwenye Desemba. Mwaka wa 2023, lita ya petroli jijini Nairobi ilishuka mwezi huo kutoka Sh217.36 hadi Sh212.36. Mwaka uliofuata ilishuka kutoka Sh180.66 hadi Sh176.29. Dizeli nayo ilipungua, kwa Sh2 na kisha Sh3. Aliyepandisha nauli katika sikukuu hizo hakuwa na bei ya mafuta ya kusingizia.

Wenye magari wana hoja nyingine, nayo si ya kupuuzwa: msimu wa sikukuu gari hujaa upande mmoja na kurudi likiwa na viti vitupu. Lakini hiyo ni hoja ya wingi wa abiria, na yafaa itajwe kwa jina lake.

Anayebanwa zaidi ni mvuvi. Upepo wa kusi unapotulia, bahari hufunguka na boti za mashine huenda mbali, zikichoma petroli nyingi wakati huo huo wa watalii. Mwenye matatu humwongezea abiria gharama. Mvuvi hupewa bei ya samaki na mnunuzi anayemsubiri ufuoni. Akinunua petroli ya madumu mbali na kituo, hata kinga ya bei ya serikali haimfikii.

Mwananchi basi atenganishe mambo mawili. Kituo kinachouza juu ya bei iliyotangazwa kinavunja sheria. Mnunuzi adai risiti na kupiga ripoti kwa EPRA. Nauli ya matatu, kwa upande wake, haina ukomo uliowekwa na serikali. Hupangwa na wenye magari na vyama vyao. Abiria wakitaka ipungue, huko ndiko pa kupeleka malalamiko, wakiwa na bei ya mwezi huo mkononi.