Kibali Kikinyimwa, Nani Hushinda?

Kila kundi la wabaguzi wa rangi linapotangaza mkutano katika mji fulani wa Marekani, mawakili wa haki za kiraia hukabiliwa na swali lile lile: kwa nini meya asiwanyime kibali, mambo yakaishia hapo? Huliuliza wazazi, wachungaji, madiwani wapya, na Waafrika Mashariki waliohamia Minnesota, Ohio au Texas ambao wamekua wakijua kwamba polisi wakikataa mkutano, mkutano haupo. Uchungu ulio ndani ya swali hilo ni wa kweli. Lakini mahakama zimelijibu kwa zaidi ya nusu karne, na mji unaolipuuza jibu hilo huwapa wabaguzi matangazo ambayo wasingeweza kuyanunua.

Sheria yenyewe inaelezeka kwa ufupi. Mwaka 1969, katika kesi ya kiongozi wa Ku Klux Klan wa Ohio, Clarence Brandenburg, Mahakama ya Juu iliamua kwamba serikali haiwezi kuadhibu maneno, hata yanayotetea matumizi ya nguvu, isipokuwa yamekusudiwa kuchochea uhalifu wa papo hapo na kuna uwezekano wa kweli kwamba utatokea. Kumtishia mtu hakulindwi. Kuchoma msalaba ili kumtia jirani hofu hakulindwi, kama mahakama hiyo ilivyosema mwaka 2003. Kutukana rangi, dini au kabila la watu hadharani kunalindwa. Mkenya, ambaye Ibara ya 33 ya Katiba yake ya 2010 inayaweka matamshi ya chuki nje ya uhuru wa kujieleza, ana haki ya kushangaa. Anayeikumbuka redio ya RTLM ya Rwanda ana haki kubwa zaidi. Ila redio iliyotaja watu kwa majina huku wauaji wakiwa barabarani, na ambayo mmoja wa waanzilishi wake, Ferdinand Nahimana, alihukumiwa Arusha mwaka 2003, isingepona hata kwa kipimo cha Brandenburg. Mkutano wa watu ishirini wenye bendera uwanjani, polisi wakiwatazama, ni jambo jingine.

Imani kwamba kundi litatoweka likinyimwa kibali ilipata mtihani wake mkubwa Chicago. Mwaka 1976 Frank Collin, kiongozi wa kikundi kidogo cha Wanazi, alitaka kuendelea kuhutubia katika Marquette Park, kusini magharibi mwa jiji. Mamlaka ya bustani ikamtaka alete kwanza bima ya dola 250,000. Hakuna kampuni ambayo ingemuuzia bima hiyo. Collin akaviandikia barua vitongoji vya kaskazini kuomba mahali pa kukutania. Vilivyomnyamazia aliachana navyo. Skokie ilimjibu: alete bima ya dola 350,000.

Jibu hilo ndilo lililoifanya Skokie kuwa shabaha. Ulikuwa mji wa watu wapatao 70,000, wenye Wayahudi wengi, wakiwemo maelfu walionusurika mauaji ya Hitler. Mwaka 1977 mji ukapata zuio la mahakama, kisha ukatunga sheria ndogo tatu: sharti la bima, marufuku ya kusambaza maandishi ya kuchochea chuki, na marufuku ya kuandamana kwa sare za kijeshi. Shirika la kutetea haki za kiraia la ACLU likamtetea Collin kupitia wakili David Goldberger, ambaye mwenyewe ni Myahudi, na wanachama kwa maelfu wakalihama kwa hasira. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu na kurudi. Zuio likaanguka, na kufikia katikati ya 1978 sheria zote tatu nazo zilikuwa zimeanguka. Kwa zaidi ya mwaka mzima, mtu ambaye wafuasi wake walihesabika kwa makumi alikuwa kwenye magazeti na televisheni za nchi nzima. Mwishowe jaji wa shirikisho akaiamuru Chicago imfungulie Marquette Park bila bima, naye akaifuta safari ya Skokie. Tarehe 9 Julai 1978 alihutubia pale pale alipotaka kuhutubia tangu mwanzo.

Kama Chicago isingeweka sharti la bima, kesi ya Skokie isingekuwepo. Kama Skokie ingekaa kimya kama majirani zake, isingekuwepo pia. Manusura waliolazimika kusikia jina la Hitler kila jioni kwenye taarifa ya habari ndio waliolipa gharama ya ushauri uliotolewa kwa nia njema.

Kuna wanaosisitiza: basi itungwe sheria bora zaidi, itakayowabana Wanazi peke yao. Hapo ndipo mwanasheria huishiwa na subira, kwa sababu sheria inayompa ofisa wa jiji mamlaka ya kuchagua nani azungumze imeshawahi kuwepo, na inajulikana ilimkaba nani. Birmingham, Alabama, iliwaruhusu makamishna wake kunyima kibali kwa sababu za amani, maadili au utulivu wa umma. Mwaka 1963 kamishna Bull Connor aliitumia kuwazuia mchungaji Fred Shuttlesworth na wenzake. Martin Luther King aliandamana siku ya Ijumaa Kuu, akafungwa. Mwaka 1967 Mahakama ya Juu iliithibitisha adhabu yake kwa kuwa alikiuka zuio la jaji. Ni mwaka 1969 tu ndipo ilipoifuta hatia ya Shuttlesworth na kutamka kwamba sheria ya namna ile inavunja Katiba. Haikuwa Birmingham peke yake: wanafunzi 187 Weusi wa South Carolina walikuwa wametiwa hatiani kwa kuvuruga amani, ilhali walichofanya ni kuandamana kwa utulivu mbele ya watazamaji ambao huenda wangekasirika. Anayetaka kuirudisha kalamu ya Connor aeleze kwanza nani ataishika uchaguzi ujao ukipita.

Ada nayo haifai. Mwaka 1992, katika kesi ya Kaunti ya Forsyth, Georgia, mahakama ilikataza kutoza ada kwa kukadiria hasira za watazamaji, maana kwa hesabu hiyo anayechukiwa zaidi ndiye angelipa zaidi. Na waliochukiwa Forsyth mwaka 1987 walikuwa Hosea Williams na waandamanaji wake wa haki za kiraia, waliorushiwa mawe.

Charlottesville, Virginia, nayo iliingia katika mtego wa kuuzuia mkutano Agosti 2017. Siku chache kabla ya mkutano wa wabaguzi ulioandaliwa na Jason Kessler, jiji liliamua kuuhamishia bustani ya mbali, likidai eneo la katikati ni dogo. Vibali vya wapinzani wake katika bustani mbili za jirani havikuguswa. Jaji aliliona hilo mara moja, na usiku wa kuamkia mkutano akaurudisha mahali pake. Siku ambazo zingetumika kupanga namna ya kuyatenganisha makundi zilikuwa zimeliwa na kesi ambayo jiji lisingeweza kuishinda. Kesho yake makundi yaligongana mitaani huku polisi wakitazama. Kwa mujibu wa uchunguzi huru ulioagizwa na jiji, Mtaa wa Nne ulibaki umezuiwa na kizuizi kimoja tu cha mbao. Mbaguzi mmoja alipita hapo na gari lake na kumuua Heather Heyer, mwanamke wa miaka 32.

Wiki moja baadaye Boston ilifanya kinyume: ilitoa kibali, ikazungusha vizuizi, ikaacha nafasi tupu kati ya pande mbili, ikakataza fimbo na mabegi. Wahutubiaji walijikuta makumi machache katikati ya uwanja, makumi ya maelfu ya wapinzani wakiwa mbali nao, na wakaondoka kabla ya muda wao kwisha.

Basi jamii inayopata taarifa ya mkutano wa namna hiyo ianze na jiji: lidai masharti yale yale kwa kila mwombaji kuhusu saa, mahali, fimbo, na silaha pale sheria ya jimbo inaporuhusu. Wanamgambo binafsi washtakiwe, kama Charlottesville ilivyofanya baadaye, kwani kila jimbo lina kifungu cha kuwazuia. Wapinzani wakutane mahali pengine, tena wakiwa wengi. Anayekwenda kumpiga Mnazi humpa video na kesi. Mwaka 2014 wakazi wa Wunsiedel, Ujerumani, walichangia euro 10 kwa kila mita ambayo wanazi mamboleo waliandamana, na zaidi ya euro 10,000 zikaenda kwa shirika linalowasaidia watu kutoka katika makundi hayo. Kule Billings, Montana, mwaka 1993, tofali liliporushwa dirishani mwa familia ya Kiyahudi, gazeti la mji lilichapisha picha ya menora na maelfu ya nyumba za Wakristo zikaibandika madirishani.

Na pale maneno yanapogeuka kuwa vitendo, liandamwe kundi zima mahakamani, pamoja na mali zake. Mwaka 1987 mama yake Michael Donald, kijana aliyeuawa na Klan mjini Mobile, alishinda dola milioni 7 na kukabidhiwa jengo la makao makuu yao. Mwaka 2000 Aryan Nations walipoteza kambi yao ya Idaho kwa njia hiyo. Mwaka 2021 baraza la wazee wa mahakama liliwaamuru waandaaji wa Charlottesville kulipa zaidi ya dola milioni 25, kiasi kilichoendelea kubishaniwa katika rufaa. Ushahidi mzito ulikuwa mazungumzo waliyoandikiana wenyewe kwenye jukwaa la mtandaoni la Discord kabla ya mkutano, yaliyovujishwa na kuhifadhiwa mapema. Kwa hiyo anayepokea kitisho asikifute kwa kinyaa: apige picha ya skrini yenye tarehe na jina la akaunti, ahifadhi nakala mbili, amkabidhi wakili moja siku hiyo hiyo.