Kamera za Karakana Ndogo

Makoroboi, katikati ya jiji la Mwanza, imebeba jina la koroboi, taa ya mafuta ambayo mafundi huitengeneza kwa makopo yaliyotupwa. Anayeijua Makoroboi hatapata shida kuzielewa karakana ndogo za kamera za Japani ya miaka ya 1950. Kamera ya lenzi mbili, ile inayoshikwa kifuani huku mpiga picha akiinamia kioo cha juu, ilitolewa na viwanda vingi kiasi kwamba majina yake yalikaribia kumaliza alfabeti. Vingi vilinunua lenzi huku na shata kule, vikatengeneza boksi na kuunganisha. Kampuni ya kamera ya Yashica yenyewe ilianza mwaka 1949 huko Nagano, ikiwa na watu 8 waliotengeneza vipuri vya saa za umeme.

Husemwa kwamba viwanda hivi viliuawa na kamera za dijitali, kisha simu. Tarehe zinakataa: kampuni ya kamera ya Miranda ilianguka mwaka 1976, mwenzake Petri ikafilisika mwaka 1977, na dukani hapakuwa na kamera ya dijitali hata moja. Mwaka huohuo wa 1976 Canon ilitoa AE-1, yenye kompyuta ndogo ndani yake, na hapo ndipo ninapoiona sababu kubwa. Gia na springi fundi stadi huzimudu karakanani. Saketi zinadai mtaji ambao mdogo hana. Je, bidhaa za wadogo hao zilikuwa duni? Kunakili kulikuwepo, tena kwingi, hasa Rolleiflex ya Mjerumani. Lakini kuanzia mwaka 1954 kulikuwa na taasisi ya kukagua kamera za kuuzwa nje, na kibandiko chake kidogo cha rangi ya dhahabu bado kinaonekana kwenye kamera nyingi kuukuu.

Kwa mpiga picha wa Mwanza, kandokando ya ziwa, hasara ya kuhama kutoka gia hadi saketi si ndogo. Chukua Yashica Mat-124G, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1970 hadi 1986. Mkono mmoja wa pembeni unasogeza filamu na kukaza springi ya shata. Betri ni ya kipimo cha mwanga tu. Ikiisha ukiwa kisiwani Ukerewe, mwenye jicho zoefu anakadiria mwanga na kuzimaliza picha 12 za filamu yake. Ni kweli kwamba kamera ya saketi humrahisishia anayeanza kazi. Ila saketi ikifa na kiwanda kimefungwa, hakuna cha kuchonga. Unyevu wa ziwa ukiotesha ukungu kwenye lenzi ya Yashica, kama utando wa buibui, fundi anaifungua, anaifuta na kuirudisha.