Ashura na Sikukuu za Bani Israili: Mazingatio kwa Mwenye Kufunga

 

Kila unapoandama mwezi wa Mfungo Nne, ambao ndio Muharram, huulizwa katika darsa zetu za Kilwa na Lindi suali hili: Je, saumu ya Ashura si saumu ya Mayahudi? Na ikiwa ina uhusiano nao, Muislamu anaifunga kwa faida gani? Suali hili lina haki ya kujibiwa kwa dalili, kwani ndani ya jibu lake mna somo ambalo wengi wetu tunalipita.

Siku za Mwenyezi Mungu

Katika Suratu Ibrahim, aya ya 5, Mwenyezi Mungu anaeleza kwamba alimwamrisha Nabii Musa (A.S.) awakumbushe watu wake siku za Mwenyezi Mungu, na kwamba katika siku hizo mna ishara kwa kila mwenye kusubiri sana na kushukuru sana. Wafasiri wamesema makusudio yake ni siku za neema na za misukosuko, na iliyo kubwa miongoni mwake ni ile waliyookolewa na Firauni.

Ukizitazama sikukuu za Bani Israili utaliona jambo hilo. Pasaka yao, ambayo si ile ya Wakristo, huanza tarehe 15 ya mwezi wa Nisan na ni ukumbusho wa kutoka Misri. Hula mkate usiotiwa hamira, na hufundishwa kwamba kila kizazi kijione kana kwamba ni chenyewe kilichotolewa utumwani. Siku ya Upatanisho ni tarehe 10 ya mwezi wa Tishri, nayo ni ya saumu na toba, kuanzia jua linapotua hadi usiku wa siku ya pili. Siku tano baadaye huja Sikukuu ya Vibanda, wanapokaa katika vibanda vya matawi kukumbuka maisha ya jangwani.

Asili ya Ashura katika Sunna

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta Mayahudi wanafunga siku ya Ashura. Alipowauliza, walisema ni siku tukufu ambayo Mwenyezi Mungu alimwokoa Musa na watu wake na kumzamisha Firauni, na Musa akafunga kwa kushukuru. Mtume akajibu kuwa Waislamu wana haki zaidi kwa Musa, akafunga na akaamrisha ifungwe. Naye Bibi Aisha (R.A.) amepokea kwamba Makureshi nao walikuwa wakiifunga kabla ya Uislamu. Ilipofaradhishwa Ramadhani mwaka wa 2 Hijria, Ashura ikabaki kuwa sunna.

Hapa wanavyuoni wamejiuliza: Mtume alifika Madina katika Rabiul Awwal, vipi basi aliikuta Ashura? Ibn Hajar (aliyefariki 852 H) katika Fathul Bari amejibu kwamba hadithi haisemi aliwakuta wakifunga siku ile ile aliyoingia mjini. Makusudio ni kwamba aliyajua hayo baada ya kufika. Ama kwa upande wa lugha, neno Ashura linatokana na ashara, yaani kumi, na Taurati nayo huitaja Siku ya Upatanisho kwa neno la Kiebrania asor, lenye asili hiyo hiyo.

Kwa hiyo Muislamu haifungi Ashura kwa kuwafuata Mayahudi. Anaifunga kwa kumfuata Mtume wake, na kwa kuwa Musa ni Mtume wetu pia. Ndiyo maana mwishoni mwa uhai wake Mtume aliazimia kufunga na siku ya tisa, ili pawepo tofauti.

Mwezi na misimu

Tofauti nyengine ni hesabu ya miaka. Mayahudi huhesabu kwa mwezi, lakini huongeza mwezi wa kumi na tatu mara 7 katika kila miaka 19, ili sikukuu zao zisitoke katika misimu yake. Kwa hivyo Siku ya Upatanisho haitoki katika Septemba na Oktoba. Sisi tumekatazwa kuingiza mwezi wa ziada, kama ilivyo katika Suratu Tawba, aya ya 36 na 37.

Wazee wa pwani yetu walizijua hesabu zote mbili. Mkulima na nahodha walifuata Nairuzi, mwaka wa jua uliogawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi, wapate kujua wakati wa kupanda na wakati wa kutweka tanga. Kwa ibada walitazama mwezi. Kwa hiyo Ashura huzunguka: ya mwaka 1430 H iliangukia Januari 2009, kaskazi ikivuma, na ya 1447 H iliangukia Julai 2025 katika kusi. Katika miaka kama 33 hupita misimu yote. Hekima mojawapo tunayoiona hapa ni kwamba mja hujifunza kumshukuru Mola wake wakati wa mavuno na wakati wa njaa, si msimu mmoja tu.

Shukrani isiyorudisha haki

Sasa tufike kwenye kiini cha maneno. Muslim amepokea kwa Abu Qatada (R.A.) kwamba inatarajiwa saumu ya Ashura ifute madhambi ya mwaka uliopita. Wanavyuoni wamebainisha kuwa ni madhambi madogo. Ama haki za waja hazifutwi kwa saumu. Imamu Nawawi katika Riyadhus Salihin, kitabu kinachosomwa katika madrasa zetu nyingi, ametaja masharti matatu ya toba: kuacha dhambi, kujuta, na kuazimia kutorejea. Ikiwa dhambi inahusu haki ya mtu, lipo sharti la nne, nalo ni kumrudishia mwenyewe au kumtaka radhi.

La kuzingatia ni kwamba vitabu vya sheria vya Mayahudi vina kanuni ya namna hiyo. Katika Mishna, kitabu cha Yoma, imeelezwa kuwa Siku ya Upatanisho haifuti dhambi baina ya mtu na mwenzake mpaka amridhishe mwenzake. Basi ikiwa wao wanaambiwa hivyo, vipi sisi tunaodai kuwa na haki zaidi kwa Musa?

Ndugu msomaji, tuitazame pwani yetu. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akawasifu watu wake kwa dini na wema, na akataja kwamba ni Mashafii. Lakini historia ina ukurasa mwengine. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa mlango mkubwa wa kupitishia watumwa waliotolewa pande za Ziwa Nyasa kupelekwa Unguja. Mkataba wa 1873 ulipiga marufuku biashara hiyo baharini, na utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Leo wajukuu wa waliouza na wajukuu wa waliouzwa wanasimama safu moja. Wanafunga Ashura kumshukuru Aliyewaokoa watumwa wa Firauni, kisha posa ikija wapo wanaoulizana kwa dharau: huyu ni wa asili gani? Hujikinga kwa hoja ya kufuu, na hali katika madhehebu yetu kufuu ni haki ya mwanamke na walii wake, nao wanaweza kuisamehe. Si ruhusa ya kumdharau Muislamu.

Vivyo hivyo katika mali. Yupo anayenunua korosho za mjane kwa kangomba, akiitumia shida yake ya leo kujipatia mavuno ya kesho kwa bei ya kutupa. Sheria imeruhusu salam, lakini kwa kipimo, sifa na muda vinavyojulikana, na thamani yote itolewe pale pale. Yupo pia anayekula minazi ya mayatima kwa miaka, mirathi haijagawiwa, na kila Mfungo Nne anafunga. Mtu huyo ajihadhari asiwe muflisi aliyetajwa na Mtume (S.A.W.), atakayekuja Kiyama na sala na saumu zake, kisha thawabu zote zigawiwe wale aliowadhulumu.

Muhtasari wa hukumu

Kufunga mwezi 10 Muharram ni sunna, na ni bora kuunganisha na mwezi 9. Aliyekosa mwezi 9 afunge mwezi 11. Kusherehekea sikukuu za wasiokuwa Waislamu hakuturuhusiwi, kwani tumepewa Idi zetu mbili, ila kujifunza ibra katika habari za Bani Israili ni jambo ambalo Qur'an yenyewe imelifanya mara nyingi.

Basi kabla ya kula daku ya Ashura, kila mmoja wetu ahesabu: nani ninamdai radhi, na nani ananidai haki yake? Aliye karibu aendewe, aliye mbali apelekewe ujumbe, na aliyekufa warudishiwe warithi wake. Anayemshukuru Mungu kwa kuangamizwa Firauni asiwe yeye Firauni mdogo katika nyumba yake.

Wallahu aalam, wabillahi tawfiq.